Kanga ya Kusomwa na Rada

Wiki iliyopita nilikuwa harusini Ibra, huku kwetu Omani, ndani ya hema la wanawake, pale jenereta la kukodi lilipoishiwa mafuta. Taa zikazimika, feni zikasimama, bi harusi akabaki anatokwa jasho chini ya dhahabu zake. Mtu akaja nyuma ya hema na dumu, akamimina dizeli kwa pupa, nusu ikaingia tangini na nusu ikanywewa na mchanga. Harufu ikaingia ndani ikaushinda udi wote uliofukizwa tangu magharibi. Wanawake wakajiziba pua kwa shela zao. Mimi nikavuta pumzi kwa nguvu, nikavuta nyingine, mpaka mdogo wangu akanifinya paja.

"Una nini weye? Utaanguka," akaninong'oneza.

Sikuwa na kitu. Nilikuwa nimefurahi tu, basi.

Watoto wengine wa mtaa wetu baba zao walinukia kahawa na udi. Wangu alinukia dizeli. Ilikuwa imemwingia kwenye koti lake la sufu, ambalo kwa joto la Ibra lilikuwa kichekesho, na kwenye mkoba wake wa turubai, na nadhani hata kwenye ndevu. Harufu ilimtangulia mlangoni, nami nikajua amefika kabla hajapiga hodi.

Mliokua zama zangu mtakumbuka hali ilivyokuwa. Wazee wetu walikuja kutoka Unguja na masanduku yao na Kiswahili chao, na nchi ndiyo kwanza inaamka, inataka watu. Waliojua Kiingereza waligombaniwa: huyu hospitali, huyu kwenye mafuta, huyu benki. Baba alikuwa amesomea ufundi wa redio, basi jeshi la anga likamchukua, likampeleka kaskazini kabisa, juu ya jabali lenye kituo cha kulinda anga. Alikaa huko wiki nyingi, akaja kwetu siku chache, akarudi tena. Tukabaki Ibra mimi, mama, na mdogo wangu aliyekuwa bado anatambaa.

Historia ya kituo kile sikuisoma popote. Niliisikia kwa baba, vipande vipande, akiwa anakula, na kwa masimulizi yake ilikuwa zaidi historia ya maji na barabara kuliko ya silaha. Mwanzo walishushwa wahandisi wachache wa Kiingereza kwa helikopta, juu ya mawe matupu, na mahema na mapipa. Kila tone la kunywa na la kuchemshia chai lilikuja kwa helikopta, na upepo ukichafuka haikuja, watu wakatayamamu kwa mchanga. Upepo huohuo ukayachana mahema, vikaja vibanda vya bati, navyo vikafungwa kwa nyaya visiruke. Ndipo likajengwa kuba jeupe, na ndani yake rada yenyewe, inazunguka usiku na mchana kwa majenereta ya dizeli. Wenyeji wa majabali walipanda kutazama. Walipoona wanaume wazima wanatetemeka kwa baridi wakilinda kitu kisichoonekana, waliwahurumia, wakawaletea asali na mbuzi.

Barabara ilikuja baadaye, kwa baruti, kipande kwa kipande. Baba alipoajiriwa ilikuwa imefika nusu ya jabali. Nusu iliyobaki walikwea kwa miguu, mizigo ikibebwa na punda. Ng'ambo ya bahari walikuwa wakipigana watu wengine, vita visivyotuhusu, lakini ndege zilipita karibu, na kazi ya kituo ilikuwa kujua kila kinachoruka ni cha nani. Wageni wakaondoka mmoja mmoja, vijana wetu wakashika viti vyao. Baba alisema jambo hilo kwa fahari, kisha akaomba pilipili.

Mimi kwa akili yangu ya miaka saba nilielewa jambo moja tu: baba anakaa juu ya jabali na kitu kinachoona mbali. Basi anatuona.

Sikulibuni peke yangu. Mama alikuwa mchochezi mkubwa. Nikikataa kula, "Haya, baba yako anakutazama." Nikimpiga mdogo wangu, mama hakunyanyua mkono, alinyanyua kidole tu kuelekeza kaskazini. Ushahidi nao haukukosekana. Alhamisi baba alipopiga simu, aliniuliza, "Goti limepona?" nami sikuwa nimemwambia mtu nje ya nyumba kuwa nimeanguka falajini, kwenye mfereji wa maji ya mashamba. Siku nyingine akasema, "Gauni lako jekundu limekukaa vizuri." Nikalitazama gauni, nikatazama dirisha, nikajishika mdomo. Haikunipitikia kuwa mama alikuwa amezungumza naye kabla yangu, na mlango umefungwa.

Na akiwa nyumbani ndiyo alinimaliza kabisa. Tumekaa kwenye sinia, ndege inapita juu hata haionekani, yeye anatega sikio na kusema, "Ya abiria. Inakwenda India." Kisha anaendelea na mchuzi wake. Sasa niambieni, mtoto gani asingeamini?

Nilikuwa nikiishi, kwa hiyo, chini ya macho ya baba, na wala haikuniudhi. Nilipokuwa nacheza uani nilicheza kwa bidii, ili apate kitu cha kutazama. Nikishinda mbio nilisimama kidogo, uso juu.

Mwaka huo jabali likamtaka zaidi. Wakubwa zake walimwambia wanataka kumpa usimamizi wa zamu zote, cheo na mshahara wake, lakini atie sahihi ya miaka mingine mitatu hukohuko. Kama hataki, angetafutiwa kazi ya ufundi karibu na nyumbani, bila cheo. Jibu lilitakiwa baada ya likizo yake inayofuata. Niliyasikia haya mama akizungumza kwenye simu, na nilimsikia anavyojibu. "Amua mwenyewe, Saidi. Miye sina neno." Akaweka simu chini, akaenda kusugua sufuria iliyokuwa safi.

Miaka mitatu. Nilipojaribu kuifikiria niliona mdogo wangu anakwenda shule na baba hajui ana sauti gani. Nilimtaka baba arudi, na nilijua mama anamtaka arudi, na nilijua hatamwambia. Mama alikuwa na mdomo mwepesi kwa kila mtu isipokuwa kwa jambo lililomuuma. Likimuuma, alisema kwa kanga.

Mnajua kanga za mama zetu. Sanduku la mama lilikuwa na kanga za kila hali, nyingine ametoka nazo Unguja, nyingine kaletewa na wasafiri, na kwa kweli ndizo zilizonifunza kusoma. Shuleni tulisoma kwa Kiarabu. Herufi za Kiswahili nilizijulia kwenye pindo za nguo, kwa kidole, mama akinisahihisha huku anapika. Baba akichelewa kuja, mama alimpokea kwa tabasamu na chai ya tangawizi na kanga yenye maneno makali. Baba alisoma, akakohoa, akasema, "Ahsante, nimefahamu." Ndivyo nyumba yetu ilivyozungumza.

Basi na mimi nikazungumza. Nikafungua sanduku, nikachagua kwa uangalifu, na baada ya alasiri mama alipojinyoosha na mtoto nikapanda juu ya paa letu la sakafu, nikaitandaza kanga, maneno yakitazama mbinguni, na jiwe kila pembe isipeperuke. USISAHAU ULIKOTOKA. Niliona hakuna maneno yanayomfaa baba kuliko hayo. Nikakaa pembeni, nikampa muda wa kusoma. Rada inazunguka, nilijua. Pengine ikabidi asome neno moja moja. Kabla mama hajaamka nikaikunja na kuirudisha. Kesho yake tena. Na keshokutwa.

Jambo moja sikulifikiria, nalo ni Bi Zuwena.

Bi Zuwena alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mzaliwa wa Pemba, na katika mtaa mzima ndiye mwanamke pekee aliyezungumza Kiswahili na mama. Wenyeji walikuwa wema, lakini Kiarabu cha mama kilikuwa bado cha kuombea chumvi. Kila Jumatano Bi Zuwena alimchukua mama kwenye soko la wanawake, akampigania bei, akamtafsiria, na wakirudi walikaa jikoni kwetu wakicheka mambo ya Unguja hadi wali ukaungua. Mwaka ule mumewe alikuwa amefanikiwa. Waliongeza ghorofa, na dirisha jipya la ghorofa lilitazama moja kwa moja juu ya paa letu.

Na Bi Zuwena alikuwa anajua kusoma.

Kwanza akaacha kuleta mkate wa kumimina. Jumatano ikafika, mama akajifunga buibui lake, akasubiri mlangoni, hakupita mtu. Akaenda sokoni peke yake, akarudi na kilo tatu za papa mkavu, alichotaka kilikuwa limau. Siku ya pili yake, kwenye ukingo wa ghorofa ya jirani, ikaanikwa kanga mpya kabisa, imenyooshwa vizuri, maandishi upande wetu. MWENYE WIVU AJINYONGE.

Mama alisimama uani, kichwa juu, mkono kiunoni. "Hii ya nani?" akauliza, ingawa tulikuwa wawili tu pale. "Nimemfanya nini mwanamke huyu?"

Nilimwambia kwa moyo safi kabisa, "Labda imelowa."

Mama akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na kanga yake, akaitundika kwenye kamba kwa vibanio, akaivuta mpaka haina kunyanzi. HASIDI HANA SABABU. Nami alasiri yake, bila habari, nikapanda kumkumbusha baba tena, na bila shaka dirishani kuna mtu alisoma akaona vita vimeongezwa kikosi. Ikawa hivyo siku hadi siku. Bibi mmoja wa Kiarabu aliyekaa ng'ambo ya njia alitazama nguo zinavyobadilishwa, akamsifu mama: "Mashallah, nyinyi watu wa Zanzibar wasafi. Kila siku mnafua." Mama akashukuru kwa meno.

Nyumba ikawa kimya. Mama alikuwa hana mume wa kuzungumza naye, na sasa hana hata jirani. Jikoni hakuungua kitu tena. Usiku nilimsikia akimsimulia mdogo wangu habari za sokoni, mtoto ambaye hajui hata kusema maji.

Baba akaja likizo. Harufu kwanza, kisha koti, kisha yeye. Nilimkimbilia nikamtazama usoni nione kama amesoma. Hakuonesha dalili. Nikasema moyoni, anasubiri tule.

Tulikula wali wa nazi na papa yuleyule, maana alikuwa hajaisha. Baba akamega, akatafuna, akauliza kwa sauti ya mtu asiyetaka ugomvi, "Mama Raya, kuna nini baina yako na Zuwena? Nimeingia mtaani kama naingia duka la kanga."

"Muulize yeye," mama akasema. "Kaanza yeye."

"Na ile ya juu ya paa? Mumewe kaniambia hapo njiani. Ati kila siku unamtandazia mkewe maneno kuwa asisahau alikotoka, kwa kuwa baba yake alikuwa mchumaji wa karafuu."

Mama akaweka kijiko chini. "Paa gani? Miye tangu mwezi huu uandame sijapanda juu."

Wakatazamana. Kisha, polepole, wakanitazama mimi.

"Si ya Bi Zuwena ile," nikasema. "Ya baba." Nikaona hawajaelewa, nikamgeukia baba. "Kwani hukuisoma? Nimekuwekea kila siku. Mawe niliyaweka mbali na maneno."

Baba alikuwa na tonge la wali mkononi. Alilirudisha kwenye sinia. "Niisomee wapi, mwanangu?"

"Kwenye rada."

Nilitarajia acheke. Hakucheka. Alikusanya punje moja ya wali, akaiweka peke yake kwenye ukingo wa sinia. "Ndege nzima yenye watu ndani," akasema, "kwenye rada naiona hivi. Doa tu. Na kilicho chini sikioni, na kilicho nyuma ya jabali sikioni. Baina yangu na Ibra kuna majabali mangapi? Sikuoneni, Raya. Hata nyumba siioni."

"Hata nikicheza uani?"

"Hata ukicheza uani."

"Gauni jekundu?"

Baba akamtazama mama. Mama akainuka kwenda kuchota maji, na mtungi ulikuwa umejaa mbele yetu.

Nimeumizwa na mengi tangu siku hiyo, sitaki kutia chumvi, lakini sijui kama nimepata kulia vile. Nililia kwa sababu mbio zote nilizoshinda hakuziona. Goti hakuliona. Nilimwambia, na kwikwi zinanikata, "Basi ulikuwa haupo." Sikumaanisha kumlaumu. Ndiyo kwanza nilikuwa nalijua.

Baba akanivuta akaniketisha pajani, kwenye ile dizeli yake. "Nilikuwa sipo," akasema. "Kweli." Kisha akauliza, "Na kwa nini hiyo kanga, si nyingine?"

"Nilitaka usitie sahihi. Mama hataki kukwambia."

"Raya," mama akasema kutoka mlangoni.

"Muache," baba akasema. "Kweli hayo?"

Mama alikuwa na gilasi tupu mkononi. Nilidhani atakwenda sandukuni. Hakwenda. "Wamekupa cheo, Saidi. Mwanamke atasema nini mbele ya cheo? Lakini miye nimechoka kuona kwa niaba yako. Kila anachofanya huyu natazama mara mbili, yangu na yako, nipate cha kukwambia Alhamisi. Nimechoka, wallahi."

Hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote niliyowahi kumsikia akimwambia baba kwa mdomo.

Jioni mama alinishika mkono akanipeleka kwa Bi Zuwena, ghorofani, mara yetu ya kwanza kuingia huko. Nikamwambia shikamoo, akaitika marahaba akitazama ukuta. Mama akasema, "Mwambie." Nikamweleza habari ya rada na kanga na baba. Bi Zuwena akasikiliza, uso wake ukabadilika, akakaa chini kwenye zulia jipya na buibui lake na kila kitu.

"Mtoto," akasema. "Kumbe mtoto. Na miye nimekonda mwenzenu. Nasema, huyu Mama Raya tumekula naye, leo ananikumbusha karafuu."

"Ningekukumbusha karafuu miye?" mama akasema. "Miye baba yangu alikuwa akiuza maji."

Wakaanza kucheka, wakashindwa kusimama. Bi Zuwena akanipa halua, akanionya nisitandaze tena kitu chochote mpaka nimuulize kwanza. Jumatano mama alirudi na limau za mwezi mzima.

Baba hakusema ameamua nini. Likizo ikaisha, akavaa koti, akatubusu, akaondoka. Mama hakumuuliza, nami niliambiwa nisimuulize. Alhamisi zilipita, baba akapiga simu, na safari hii aliniambia nimsimulie mwenyewe. "Anza tangu asubuhi," alisema. Nikaanza tangu asubuhi. Hakunikatiza, na alipofika mama kwenye simu hakukuwa na kilichobaki cha kusimuliwa.

Kisha siku moja, jua limeshapinda, ikasimama pikapu mlangoni. Baba akashuka, akamlipa dereva, akapanda nyuma na kuanza kulegeza kamba. Akashusha godoro. Lilikuwa la sifongo, jembamba, limebonyea katikati kwa umbo lake, na madoa ya chai upande wa kichwa. Kule jabalini kila mtu alijinunulia godoro lake, na mtu anayekusudia kurudi haondoki nalo, atalala wapi? Alikuwa amelibeba kutoka kileleni mpaka Ibra, na kwetu vitanda vilikuwepo.

Mama alitoka mlangoni na mtoto kiunoni. Akalitazama godoro, akamtazama baba, akalitazama godoro tena.

"Hilo haliingii ndani kwangu mpaka lipigwe jua," akasema.

"Litapigwa," baba akajibu. "Siku zipo."

Mama akageuka upesi kwenda jikoni, na mtoto akabaki akitutazama juu ya bega lake. Kila baba alipokuja nilikuwa na swali moja, nalo nililitoa kabla hajavua viatu: unaondoka lini? Siku ile nilishika pembe moja ya godoro, yeye akashika nyingine, tukaliingiza uani, na sikumuuliza.